Hii Siyo Ile

Mdogo wangu huyapa maumivu yake majina. Madogo yanayopita vidoleni jioni anayaita rasharasha. Ya mapajani ni kinu, kwa kuwa yanatwanga, tena kwa zamu, mguu huu kisha ule. Ya kifua ni mgeni rasmi: yakiingia, nyumba nzima inasimama. Ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, tangu kuzaliwa, na majina hayo aliyatunga wodini usiku, wenzake wa vitanda vya jirani wakikoroma.

Ya mgongo ndiyo pekee hakuyapa jina. Yalimwanza akiwa na miaka 13, yakawa yanakuja na kuondoka, nasi nyumbani tukazoea kuyaita "ile". Ile imerudi? Imerudi. Basi mama anabandika maji ya kukanda, mimi napekua droo ya dawa, yeye anakunywa maji mpaka tumbo linalia, anajifunika blanketi kwenye joto la Dar es Salaam, na siku ya tatu au ya nne ile inaondoka zake.

Kipupwe cha 2022, akiwa na miaka 24, nilimkuta alfajiri amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono miwili imekandamiza godoro kama mtu aliye kwenye mtumbwi unaoyumba. Akasema bila kugeuza shingo, "Dada, hii siyo ile."

Nikamwambia anywe maji.

Tunaishi Mbagala, na Mbagala mtu haumwi mgongo bila kupewa sababu tano kabla ya saa nne asubuhi. Mama alilaumu cherehani, maana mdogo wangu ni fundi nguo na msimu ule alikuwa na sare za harusi mbili. Jirani akaleta mafuta ya karafuu. Mjomba akapiga simu kusema hizo ni figo. Bibi, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Rufiji, alimtazama mjukuu wake akijaribu kukaa kwenye mbuzi akune nazi, akashindwa, akainuka kwa kushika ukuta. Bibi akasema: mgongo wa kazi unauma ukifanya kazi, ukilala unapumzika, huyu analia akiwa amelala. Hakuna aliyemsikiliza. Baadaye nilikuja kujua kwamba maumivu ya usiku, yasiyotulia mtu akijinyoosha, ni miongoni mwa mambo ambayo daktari wa mifupa huyauliza mapema kabisa.

Zahanati tuliyokimbilia walimpima mkojo. Kama yupo mtu aliyewahi kupimwa mkojo katika jiji hili akatoka bila UTI, naomba anitafute nimpe mkono. Mdogo wangu pamoja na maumivu yote alicheka: "Sasa nina UTI ya uti wa mgongo." Tukarudi na vidonge. Siku ya nne homa ikapanda, tukarudi tena, safari hii wakatazama kadi yake ya kliniki, wakaona neno selimundu, na kila kitu kikawa rahisi. Kraisisi, yaani shambulio la maumivu la selimundu. Sindano ya diklofenaki ya kutuliza maumivu, dripu mbili, nenda nyumbani. Alisema pale pale, kwa adabu zake zote, kwamba kraisisi anazijua na hii siyo yenyewe. Tabibu akamjibu kwamba mgonjwa hajipimi mwenyewe.

Nilikaa na hasira ya jibu lile muda mrefu. Sasa imepungua kidogo, na nitasema kwa nini, ingawa haijaisha.

Yule tabibu kwa hesabu alikuwa sahihi. Mfupa wa mwenye selimundu ukiuma, mara nyingi mno sababu ni ile ile: chembe nyekundu zimejikunja umbo la mundu, zimekwama kwenye mishipa myembamba, sehemu ya mfupa imekosa damu. Maambukizi ya bakteria ndani ya mfupa hutokea mara chache sana ukilinganisha. Tena dalili zinafanana: mfupa uliokosa damu unaweza kuleta homa, ukavimba, ukapandisha chembe nyeupe. Anayebashiri kraisisi kila siku atapatia siku nyingi kuliko atakazokosea. Lakini siku ile moja atakayokosea ina jina la mtu, na yule mtu alikuwa amekaa mbele yake anamwambia.

Barabara ya Kilwa tuliijua kwa matuta yake. Ndani ya daladala mdogo wangu alikuwa akijua tuta linakuja kabla dereva hajafunga breki, anajinyanyua kitini kwa mikono, anashusha pumzi tukishalivuka. Konda akamwambia, "Dada kaa vizuri, gari si yako." Siku ya kumi na mbili ya maumivu tulikodi bajaji mpaka kwenye kliniki yake ya selimundu, bila kusubiri tarehe ya kadi.

Daktari aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ndogo. Alisoma kadi, akaiweka chini, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza kwa siku kumi na mbili: "Mwanangu, hii inatofautiana vipi na zile ulizozoea?"

Mdogo wangu alikuwa na jibu lake tayari. Nadhani alikuwa nalo tangu ile alfajiri. Ile inatandaa, alisema, kama chai iliyomwagika mkekani, kiuno chote mpaka mbavuni. Hii imesimama mahali pamoja, naweza kuweka kidole. Ile ina siku zake, siku ya tatu inachoka. Hii inaongeza. Ile nikipata dawa na usingizi inalegea. Hii usiku ndiyo inaamka.

Daktari akamwinamisha kidogo, akaanza kugonga kwa ncha ya kidole pingili moja moja, kutoka mabegani kushuka chini, polepole kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Kwingine kote kimya. Alipofika kiunoni mdogo wangu aliruka. Kisha akamlaza, akamwambia ainue mguu huu, ule, asukume kiganja chake kwa unyayo. Akamuuliza kama haja ndogo inatoka vizuri, kama akikaa anahisi kitako chake kama kawaida au kimekufa ganzi. Maswali hayo yaliniaibisha mpaka nilipoelewa yanatafuta nini: usaha au mfupa uliobonyea unaweza kuikandamiza mishipa ya fahamu inayopita ndani ya uti wa mgongo, na miguu ikianza kulegea au mkojo ukianza kugoma, hapo hakuna tena habari ya kesho, ni usiku huo huo.

Miguu ilikuwa mizima. Tukatumwa eksirei.

Ile picha ninayo mpaka leo, ipo kabatini. Daktari aliiweka kwenye taa akatuonyesha pingili za mgongo wa mdogo wangu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini Kiswahili kimeazima neno hilo kwenye muwa. Lakini muwa huu ulikuwa na kasoro. Kila pingili ilitakiwa iwe na kingo zilizonyooka juu na chini, kama boksi. Zake kadhaa zilikuwa zimebonyea katikati, ghafla, kama mtu amezibonyeza kwa kidole gumba juu na chini, zikabaki kama herufi H. "Hizi ni za zamani," daktari akasema. Za tangu utotoni.

Alitueleza hivi. Mtoto anapokua, pingili hurefuka kwa juu na kwa chini. Sehemu ya katikati hulishwa na mishipa mirefu, myembamba, isiyo na njia ya kuzunguka ikiziba. Pembeni kuna mishipa mingine mifupi yenye kusaidiana. Chembe za mundu zikikwama, katikati hudumaa, pembeni kunaendelea kukua. Kwa hiyo zile siku alizokuwa darasa la saba akijikunja kwa "ile", na mwalimu akimwita mvivu wa mchakamchaka, ndizo siku pingili zake zilikuwa zikiandikwa hivyo. Kuna kubonya kwingine, kwa mviringo zaidi, ambako madaktari huko duniani wamekufananisha na mdomo wa samaki. Huko hutokana na mfupa kuwa laini: chembe nyekundu za kawaida huishi siku kama 120, za mwenye selimundu huishi siku kama 10 mpaka 20, basi uloto, ile nyama laini ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu, unalazimika kufanya kazi ya kiwanda usiku na mchana, unatanuka, unaula mfupa kwa ndani. Na uloto unaotengeneza damu, mtu akishakuwa mzima, unabaki zaidi kwenye mifupa ya katikati ya mwili: uti wa mgongo, nyonga, mbavu, kifua, fuvu. Mgongo ni kiwanda chenyewe. Sijui kwa nini niliwahi kudhani selimundu ni ugonjwa wa "damu" tu, kana kwamba damu inatengenezwa hewani.

Basi picha ilionyesha ile. Hii haikuonekana. Eksirei ni mvivu kwa maambukizi ya mfupa. Mara nyingi wiki mbili hupita kabla ya kitu kuonekana, na kwenye mgongo inaweza kuchukua muda zaidi. Mtu mwingine angeitazama, aone pingili za zamani, aseme si mnaona, ni selimundu yake. Yule mama akasema kinyume: kama hapa pana pigo jipya, ngoja tulitafute. Akaagiza damu ichukuliwe ioteshwe maabara kwanza, kabla ya tone lolote la antibayotiki, kwa sababu dawa ikitangulia, bakteria hawaoti tena na utabaki kubahatisha. Halafu MRI, picha ya mashine ya sumaku.

Nisiwachoshe na habari ya kutafuta pesa ya MRI. Ilikuwa sawa na kodi ya chumba chetu ya miezi kadhaa. Kikundi cha kina mama cha mtaani kilitoa, mteja mmoja wa sare za harusi alilipa zote kabla hazijashonwa, na mimi niliuza kitu ambacho mume wangu bado anaulizia. Mdogo wangu alisema ndani ya ile mashine ni kama kulala chini ya jenereta la Kariakoo umeme ukikatika, ila hapa huruhusiwi kukohoa.

Majibu: pingili ya tatu na ya nne za kiunoni, na diski iliyo katikati yao, zimeshambuliwa, na pembeni yake kuna usaha kidogo. Mishipa ya fahamu haijaguswa. Siku chache baadaye maabara wakapiga simu kwamba damu imeota. Salmonela.

Ndiyo, ndugu wa yule yule wa taifodi. Jiji zima linatibiwa taifodi ambayo halina, na aliyekuwa na mdudu wa ukoo ule akapewa diklofenaki. Mdogo wangu aliposikia alisema sasa ile zahanati imepatia kwa kukosea mara mbili.

Kwa nini salmonela? Hapa ndipo ugonjwa huu unaponishangaza kwa jinsi mambo yake yanavyoshikana mikono. Bandama, ambayo kazi yake mojawapo ni kuwakamata bakteria wa aina hii kwenye damu, kwa mwenye selimundu hufa polepole utotoni kwa kukosa damu. Wengi wakifika umri wa kwenda shule haifanyi kazi tena. Ndiyo sababu ya ile penisilini ya kila siku wanayopewa watoto wadogo. Ukuta wa utumbo nao hupata vijeraha vidogo kwa mikwamo ile ile, bakteria wakapenya. Na mfupa uliokufa kipande ni shamba lililolimwa tayari. Kwa watu wengine bakteria anayeongoza kwenye mifupa ni stafilokoka. Kwa wenye selimundu salmonela amejipatia kiti chake, na dalili za tumbo si lazima ziwepo. Alikula nini, wapi, lini? Mama bado anaisema kachumbari ya shughuli fulani ya Mbagala Kuu. Hatutajua.

Kulikuwa na hofu nyingine, ambayo daktari hakutuficha. Hapa kwetu pingili mbili zilizoliwa na diski katikati huleta kwanza wazo la kifua kikuu cha mgongo, kile ambacho kikiachwa huangusha pingili na kumfanya mtu awe na kibiongo. Mwingereza Percivall Pott alikieleza mwaka 1779 na mpaka leo kinabeba jina lake. Kwa kawaida kifua kikuu huenda taratibu, miezi, na bakteria wa kawaida huenda mbio, wiki. Lakini mwili hausomi kitabu. Kama damu isingeota, ingebidi wapitishe sindano mpaka kwenye pingili wachukue kinyama wakapime. Kuna wanaoanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa picha peke yake. Wengine wanapona kwa sababu ndicho walichokuwa nacho, wengine wanameza miezi huku salmonela akiendelea na kazi.

Alilazwa. Seftriaksoni, antibayotiki ya mshipani, kisha vidonge. Jumla ya wiki zaidi ya sita bila kuruka hata siku moja, kwa kuwa dawa hupenya mfupani kwa shida. Mkanda mgumu wa kiunoni. Wingi wa damu ulishuka, akaongezewa chupa mbili, mimi na kaka yetu tukachangia kurudisha. Wiki ya tatu akaanza kulalamikia chakula cha wodini, nikajua anapona.

Benchi la kliniki ni chuo. Katika zile wiki za kurudi na kurudi nilijifunza pale zaidi ya nilivyowahi kusoma. Kulikuwa na dada mmoja aliyetibiwa goti mwaka mzima, kumbe tatizo ni nyonga: kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu, na maumivu ya nyonga yana tabia ya kushukia gotini. Kulikuwa na kijana mwenye thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, ambaye miguu ilianza kumlegea taratibu. Kwake hapakuwa na usaha wala mfupa uliovunjika. Uloto uliokosa nafasi mifupani ulikuwa umeanza kutengeneza damu nje ya mfupa, pembeni ya uti wa mgongo, ukajaa kama unga uliofura kwenye beseni mpaka ukaibana mishipa ya fahamu. Kwake tiba ya kwanza ilikuwa kumwongezea damu, ili mwili uache kuhangaika, na ile nyama ya uloto ikaanza kusinyaa. Mama yake alisimulia huku anasuka mkeka. Nikafikiri: magonjwa mawili, kosa moja dogo kwenye protini ile ile ya damu, na yote mawili yanaishia kwenye mgongo kwa njia zisizofanana. Naye mzazi wa mtoto mwenye hemofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda vizuri, akatuambia wao mgongo au nyonga ikiuma ghafla hawangoji hata chai, kwani inaweza kuwa damu inavuja ndani ya msuli mkubwa unaotoka kiunoni kwenda pajani, au, mara chache, karibu na uti wenyewe.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na ni kati ya nchi zinazoongoza duniani. Muhimbili wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa kwa maelfu tangu 2004, kazi iliyomfanya Profesa Julie Makani ajulikane mbali na hapa, na mdogo wangu ni wa kizazi kilichokua kikiambiwa na majirani kwamba hakifiki miaka 18. Sasa wamefika, na wamefika na migongo. Watu waliozoea kuwatibu wakiwa watoto wanakutana na mifupa ya watu wazima.

Alipokuwa wodini tulisikia habari za dawa na tiba mpya kila siku. Haidroksiyurea alishaanza kutumia, na kweli kraisisi zimepungua. Mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma ikawa inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani zikaidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba, bei yake kule Marekani dola milioni 2.2, mdogo wangu alipiga hesabu ni sare ngapi za harusi, akaacha njiani. Alichomuuliza daktari kilikuwa kidogo zaidi. Je, pingili zangu zitajaa tena? Hapana, mwanangu. Zilizobonyea zimebonyea, zile mbili zenye diski iliyoliwa huenda zikashikana zikawa kama moja. Tunalinda zilizobaki. Akaandikiwa vitamini D, akaambiwa cherehani aipandishe juu ya tofali ili asiiname, na ainuke kila nusu saa.

Tofali lipo. Kuinuka kila nusu saa, hilo tunagombana nalo.

Kilo anazobeba nazo tunagombana, na vitenge vinavyolundikwa dukani. Urefu wake umepungua. Mama alimpima kwenye fremu ya mlango wa jikoni, pale tulipokuwa tukiweka alama za mkaa utotoni, na alama mpya ikaangukia chini ya ile ya kidato cha nne. Mama akaifuta kwa kanga. Mdogo wangu akachukua mkaa akaiandika tena.

Juzi usiku, mvua imenyesha tangu magharibi na upepo unaingia dirishani, nikasikia kitanda chake kinalia. Nikaenda. Amekaa ukingoni, mikono kwenye godoro.

"Hii au ile?"

Hakujibu haraka. Akapeleka mkono nyuma, akajigonga kiunoni kwa vidole, juu kidogo, chini kidogo, anasikiliza. Akajaribu kuinua mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Akakohoa makusudi.

"Ile," akasema.

"Una hakika?"

"Dada, ni ile. Imetandaa."

Nikaenda kubandika maji.